Ithaki, kisiwa kisichopwa maji

Mjomba wangu amevusha watu na mizigo kati ya Tumbatu na Mkokotoni, kule Unguja, tangu sijazaliwa. Nilipompigia simu kumwambia kwamba mimi na mume wangu tumekodi boti la matanga Ugiriki, na tunakwenda kuzunguka kisiwa kiitwacho Ithaki, alikuwa na swali moja.

"Maji yanapwa saa ngapi huko?"

"Hayapwi, mjomba."

Akanyamaza. Nikasikia jogoo nyuma yake. "Hayapwi? Sasa chombo wanakipaka wapi?"

Kwa msomaji wa bara nieleze kidogo. Kwetu chombo cha mbao hungoja maji yapwe, kikakaa juu ya mchanga, watu wakakipitishia moto wa makuti chini ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha wakakipaka shahamu na chokaa. Kazi yote hiyo iishe kabla maji hayajarudi. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, kwa hiyo mtu aliyelelewa pale hawezi kuifikiria pwani bila kufikiria saa. Ithaki tofauti ya maji kujaa na kupwa haizidi shubiri moja. Ukifunga kamba gatini jioni, asubuhi utazikuta zimelegea na kukaza vilevile ulivyoziacha.

Nilidhani hiyo itakuwa raha tupu. Siku sita baadaye nilijua kwamba pwani ya Ithaki nayo ina saa zake, ila zimo ndani ya upepo. Mgeni akichagua ufuo kwa uzuri wa picha, atajifunza saa hizo kwa njia ngumu. Nawaandikia hayo hasa nyinyi mlioko Ulaya, mnaoniuliza kila mwaka ikifika Machi mwende wapi na matanga.

Kisiwa chenyewe kiko bahari ya Ionia, magharibi ya Ugiriki, ubavuni mwa Kefalonia ambayo ni kubwa zaidi, na kati yao pana mlango wa bahari wa kilomita chache. Wakazi ni kama 3,000. Ukikitazama kwenye ramani utaona kitu kilichokaribia kukatika: kipande cha kaskazini, kipande cha kusini, na shingo nyembamba isiyofika kilomita moja pale Aetos. Ghuba ya Molos imeingia kutoka mashariki ikala tumbo lote la kisiwa. Kaskazini ya ghuba umesimama mlima Niritos, zaidi ya mita 800, na mlima huo nitaurudia, maana ndio unaoamua chombo kilale wapi.

Upepo wa pale unaitwa maistro. Hutoka kaskazini-magharibi. Asubuhi ya kiangazi bahari hulala kama mafuta kwenye sahani, hata tanga halina la kufanya. Bara la Ugiriki likishapata moto hewa yake hupanda, na ile ya baharini hukimbilia kuziba nafasi. Ikifika saa sita au saa saba mchana unaona mstari mweusi juu ya maji kwa mbali, na nusu saa baadaye umo ndani yake. Alasiri maistro huwa na nguvu ya kutosha kukulazimisha upunguze tanga, kisha jua likianza kushuka nao hufa. (Juni jua la kule hutua karibu saa tatu usiku, kwa hiyo alasiri ni ndefu kuliko mnavyodhani.) Kwetu upepo wa kusi ukishika umeshika miezi, na watu hupanga mwaka mzima kwa kusi na kaskazi. Maistro ni msimu unaodumu saa chache tu, ukarudi kila siku. Msiuchanganye na meltemi wa upande wa pili, bahari ya Aegean, ambao unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana, na kuwafunga watu bandarini.

Wagiriki wana jina kwa kila pembe ya upepo. Ule wa kusini-magharibi wanauita garbis, na neno hilo limetoka kwenye Kiarabu gharbi, shina lilelile lililotupa sisi magharibi. Mzee mmoja wa pale gatini aliponitamkia nikamwonyesha kidole upande jua linakotua kabla hajanieleza. Tukacheka wote wawili.

Kuhusu makaratasi sitakaa sana. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya na huna ukaazi wa nchi ya Schengen, unahitaji viza ya Schengen. Kukodi boti bila nahodha wao kunataka mmoja wenu awe na cheti cha unahodha kinachotambulika, na mwingine awe anajua kazi ya chombo. Kama hamna cheti, kodini pamoja na nahodha, hakuna aibu yoyote. Mimi cheti nilikipata Ujerumani, lakini usukani alinipa mjomba nikiwa na miaka tisa, na mama alimkasirikia siku mbili.

Tulichukua boti Lefkada, kisiwa kilicho kaskazini ya Ithaki, yoti ya mita 11. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na rafiki yetu wa Mombasa anayeishi Rotterdam. Tukaondoka asubuhi kwa mashine, tukapita ubavuni mwa Arkoudi, kisiwa kisicho na watu, na kabla maistro haujaamka tukaviona vinu vitatu vya upepo vya kizamani juu ya rasi. Ukiviona hivyo ujue ghuba iliyo nyuma yake ni Kioni.

Nadhani Kioni ndiyo bandari inayopigwa picha nyingi kuliko zote kisiwani, na ina haki hiyo. Nyumba zimepanda kilima kwa ngazi, mapaa ya vigae vyekundu, mizeituni na misanobari hadi karibu na maji. Lakini kwa anayekuja kwa chombo ni mahali padogo penye kina kikubwa. Gati ni fupi. Mwezi wa Julai na Agosti ukifika baada ya saa nane mchana usitarajie nafasi. Utatia nanga pembeni na kuvuta kamba ndefu hadi kwenye mawe ya ufukweni, kazi inayotaka mtu mmoja aogelee na kamba mkononi. Na ghuba inatazama mashariki, kwa hiyo upepo ukigeuka na kutoka huko, usiku utakuwa mrefu.

Pale ndipo nilipofunga chombo kwa tezi, yaani kwa nyuma, kwa mara ya kwanza bila mwalimu. Huku vyombo havilali ubavu kwa gati. Unatupa nanga ya omo, yaani ya mbele ya chombo, mbali, kama urefu wa vyombo vinne, kisha unakwenda kinyumenyume huku mnyororo ukitoka polepole, mpaka tezi inakaribia gati, ukarusha kamba mbili. Vyombo vyote hukaa hivyo, bega kwa bega, kama mtungo wa samaki. Kosa la wengi ni haraka: wanatupa nanga karibu mno na gati, mnyororo unakuwa mfupi, na maistro ukija kwa ubavu chombo kinamlalia jirani. Mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa akimwagilia vyungu vyake vya maua alikuja akapokea kamba yetu, akaipitisha kwenye pete ya chuma, akaturudishia ncha yake bila neno, akaenda kumalizia maua.

Frikes iko dakika ishirini tu kutoka hapo. Ni bandari ya wavuvi, tulivu asubuhi, samaki wake watamu. Alasiri upepo hushuka kwenye bonde lililo nyuma ya kijiji kwa dharuba kali, na ukiwa umefunga pale hakikisha nanga imeshika barabara. Tulikula, tukaondoka.

Siku ya tatu tuling'oa nanga alfajiri ili tuzunguke ncha ya kaskazini kabla ya saa sita. Kuna ghuba kubwa huko inaitwa Afales, ina majabali meupe yanayodondoka moja kwa moja majini, na tulipopita bahari ilikuwa imetulia hata tuliona chini. Inatazama kaskazini-magharibi, mdomo wazi, ndiko uendako maistro wote. Mtu ameiweka kwenye orodha yake ya fukwe za kulala? Aifute. Ipite asubuhi, iangalie, uondoke.

Upande wa magharibi bandari ya maana ni Polis, chini ya kijiji cha Stavros. Jina maana yake mji, ingawa leo pana mashua chache za wavuvi na ufuo wa kokoto. Kando ya ghuba kuna pango ambalo paa lake liliporomoka zamani. Katika miaka ya 1930 mwanaakiolojia Mwingereza, Sylvia Benton, alichimba pale kwenye tope na maji, akatoa vyungu vya shaba vya miguu mitatu vya karne ya tisa na ya nane kabla ya Kristo, pamoja na kipande cha kinyago cha udongo chenye maandishi ya nadhiri kwa Odysseus. Huyo ndiye mfalme wa Ithaki wa hadithi za Homer, aliyemaliza vita vya Troy kisha akachukua miaka 10 kufika kwake. Kama aliwahi kuishi au la, mimi si wa kulikata hilo. Nililotazama mimi, katika kijumba cha makumbusho pale Stavros, ni kwamba mtu fulani alishuka kwenye chombo, akaingia pangoni, akaacha kitu cha thamani kwa sababu ya safari. Hata kwetu wapo waliokuwa wakipeleka ubani pangoni kabla ya kutweka tanga. Nilisimama mbele ya kile kipande kidogo cha udongo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu chochote Athens.

Kutoka Polis kwenda kusini ndiyo safari niliyoipenda zaidi. Maistro ulitupata ndani ya mlango wa Kefalonia, ukawa upepo wa tezi, tukafungua tanga lote, na milima miwili ikaenda nasi kulia na kushoto. Tukaipita Pisaetos, bandari ya feri zinazokwenda Sami, upande wa Kefalonia. Anayekuja bila yoti huenda akashukia hapo, na asishangae kukuta hakuna mji. Tukazunguka ncha ya kusini, tukalala Pera Pigadi, penye kisiwa kidogo kilichokingia maji kama mlango uliorudishwa. Kimya kabisa. Juu kwenye jabali kuna chemchemi ya Arethusa, iliyotajwa na Homer.

Kisha Vathy.

Vathy maana yake kina kirefu, nayo ni mji mkuu. Unaingia kwa ghuba ya Molos, unageuka kusini, na maji yanafunguka mbele yako kama bakuli, mji umezunguka ukingo wote. Mtetemeko wa ardhi wa Agosti 1953 uliangusha sehemu kubwa ya nyumba za kisiwa hiki na za Kefalonia. Wengi walihama, na tayari walikuwapo waliohama kabla yao kwenda Australia na Afrika Kusini. Mji ukajengwa upya, mfupi, mapaa ya vigae, rangi za udongo. Katikati ya bakuli kuna kisiwa kidogo kiitwacho Lazaretto. Zamani wasafiri walizuiwa pale kwa karantini, baadaye pakawa jela, na sasa limebaki kanisa dogo jeupe na miti. Mzanzibari hawezi kukiona bila kukumbuka Changuu, kisiwa kilichojengewa jela mwaka 1893 kikaishia kuwa karantini.

Bandari salama namna hii ungetegemea ilale kimya mchana kutwa. Lakini hapa ndipo mlima Niritos unapoingia. Maistro ukiwa juu ya mlima haupiti kwa adabu. Hujikusanya, ukaporomoka upande wa pili hadi ghuba ya Molos, na kutoka hapo unaingia Vathy kwa vishindo. Saa kumi alasiri vyombo gatini vinatikisa vichwa kama punda waliofungwa. Mji wote unajua, na hakuna anayehangaika, kwa sababu jioni hutulia na chini ni tope zito ambalo likiishika nanga haliiachii. Tulitia nanga katikati badala ya gatini, tukatoa mnyororo mara tano ya kina, nikaivuta kwa mashine kinyumenyume mpaka nikahisi chombo kimesimama. Usingizi wa usiku ule sijaupata mahali pengine penye maji.

Sasa Gidaki. Nimeichelewesha kwa sababu ndipo nilipokosea.

Gidaki ni ufuo ulio nje kidogo ya Vathy, kusini mwa mdomo wa ghuba ya Molos. Hauna barabara. Wanaofika kwa miguu hutembea kutoka ghuba ya Skinos, wengine hupanda boti la abiria kutoka mjini. Kokoto zake ni nyeupe, na maji juu yake yana rangi ambayo Kiswahili hakina jina lake moja: kijani cha embe bichi, halafu buluu, halafu giza. Tulifika saa tatu asubuhi, hapakuwa na mtu. Nikatafuta sehemu nyeupe, yaani mchanga, nikatupa nanga katika mita 6. Nikachukua alama mbili ufukweni kama alivyonifundisha mjomba, jiwe na mti ulio juu yake, vikiwa vimepangana. Tukaogelea. Rafiki yetu akasema leo anapika pilau.

Pilau ya watu watatu kwenye jiko la yoti lenye matundu mawili si ya saa moja. Saa sita ikapita. Niliuona mstari mweusi kule nje, nikajua ni nini, na nikasema wacha tule kwanza. Ufuo ulikuwa mzuri mno. Hilo ndilo kosa lote, na nililifanya nikiwa na miaka thelathini ya bahari kichwani.

Gidaki inatazama kaskazini. Maistro ulipofika, chombo kiligeuka kwa pigo moja, tezi ikaelekea kwenye kokoto. Sahani zikiwa mezani nikatazama nje: jiwe limeachana na mti. Nikahesabu hadi kumi. Jiwe likazidi kuachana. Nanga ilikuwa imetoka kwenye ule mchanga mdogo niliouchagua, ikaingia kwenye majani ya bahari, na majani hayo hayashiki nanga, yanaisindikiza. Mume wangu alikimbilia omoni, mimi mashine. Tulikuwa hatujafika umbali wa kutisha, labda urefu wa vyombo vitatu kutoka kwenye maji mafupi, lakini mawimbi yalikuwa yameanza na chombo kinaruka. Nanga ikapanda. Ilipotokeza juu ya maji ilikuwa imekumbatia kishada cha majani marefu ya kijani kama utepe, na mizizi yake.

Majani hayo ni Posidonia. Aina hiyo ipo Mediterania peke yake, na ndiyo shamba la bahari ile: humo samaki huzalia, humo mchanga hushikwa usiondoke. Huongezeka kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Kishada nilichokiona kinaning'inia kwenye nanga yangu huenda kilikuwa na umri mkubwa kuliko mtoto yeyote wa nyumbani kwetu. Nilikitoa kwa mkono, nikakirudisha majini, ingawa najua hakishiki tena. Nawaomba sana, wasafiri wenzangu: rangi nyeupe chini ni mchanga, tia nanga hapo. Giza ni majani au mwamba. Na ule mchanga uwe mpana wa kutosha chombo kikigeuka, maana kitageuka.

Tukazunguka rasi, tukashuka na pwani ya mashariki, na baada ya muda mfupi tukaingia Filiatro. Ilikuwa kama mtu amefunga dirisha. Juu ya kilima uliuona upepo ukilaza vichwa vya mizeituni, na chini maji yamelala. Kwetu tunasema kukaa demanini, upande uliokingwa na upepo. Mlima wote ulikuwa joshini petu, upande upepo unakotoka, umetukingia. Ufuo ni kokoto nyeupe ndogo, nyuma yake mizeituni, watoto wanacheza. Jirani yake ni Sarakiniko, inayotazama mashariki vilevile. Pilau tuliipasha moto tukala saa kumi, na hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu.

Kama ningeanza upya siku ile ningeipindua: Gidaki alfajiri hadi saa tano, bila jiko, kisha Filiatro au Sarakiniko mchana kutwa, kisha kurudi Vathy maistro ukilegea. Hiyo ndiyo ratiba ninayompa kila anayeniuliza. Fukwe za mashariki ni za alasiri. Zinazotazama kaskazini ni za asubuhi. Bandari ya kulala utaichagua kwa tope lake.

Usiku wa mwisho tulirudi palepale katikati ya bakuli la Vathy. Asubuhi nilikaa omoni nikiiosha nanga kwa ndoo, kwa sababu ilipanda na tope jeusi, zito kama unga wa ugali uliokwisha kusongwa, limejaa hadi kwenye pingili za mnyororo. Nikampigia mjomba kwa video. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza ya Gidaki, akasikiliza bila kunikatiza, akasema tu, "Alama zako uliziangalia." Kisha akataka kuiona nanga. Nikaisogeza kamera. Akaitazama sana, akaniuliza hilo tope linanuka nini.

Nikachukua kidogo kwa kidole, nikanusa. Linanuka Mkokotoni, mjomba, maji yakipwa.